Mgongo Ule Ni Wangu

Jumatatu, 6 Machi 1961

Clement Averill amekufa. Redio imesema saa moja asubuhi, mimi nikiwa na brashi mkononi, nasugua ngazi za Sinema ya Coronado. Moyo. Alikuwa amekaa bustanini kwake anakunywa maji ya machungwa. Miaka sitini na miwili. Nimekaa ngazini pale pale, kwenye povu la sabuni, nikalia. Suruali imelowa mpaka ndani.

Nimelia kwa sababu mbili. Nitaziandika zote, maana daftari hili halisomwi na mtu. Ya kwanza, nilimpenda. Ya pili, sasa ndiyo zamu yangu!

Kwa miaka tisa kazi yangu ilikuwa kusimama. Kabla nyota hajaja, mafundi wa taa wanahitaji mtu wa kimo chake, wa mabega yake, asimame kwenye alama ya chaki wakati wao wanapanga vivuli. Saa nzima, saa mbili, jasho linatiririka. Taa zikishakaa sawa, nyota anatoka kivulini na glasi yake ya maji, wewe unaondoka. Sisi tuliitwa Kundi la Pili. Mtu akipaza sauti "Kundi la Pili!" miguu inakwenda yenyewe. Nimesimama mahali pa Averill saa nyingi kuliko alivyosimama yeye. Hakujua jina langu. Aliniita "ndugu yangu," lakini hata mbwa wa getini alimwita hivyo hivyo.

Sasa sinema yake, *Reli ya Cutler*. Hakuna asiyeijua. Mwishoni Cutler anauacha mji, anafuata reli na sanduku lake, ametupa mgongo, dakika mbili kasoro, hakuna muziki, upepo tu. Wanaume wazima hulia pale. Mgongo ule ni wangu! Averill alikuwa kitandani na mafua. Mwongozaji akaniambia: tembea kama mtu asiyerudi. Sikuhitaji kufundishwa. Nilitembea mara moja tu, wakasema imetosha.

Niliandika barua Oklahoma mwaka ule. Nilimwandikia binti yangu Lorene, ambaye nilimwacha na mama yake akiwa na miaka minne, nikisema nitawaita nikishatulia. Sijatulia bado. Alikuwa na miaka kumi na minne barua ilipofika. Akawachukua wenzake wa shule kwenda kumwona baba yake sinemani. Wakamcheka mpaka nyumbani. Akaniandikia mistari miwili: usiniandikie tena mpaka uwe na ushahidi.

Ni miaka ishirini sasa. Sijaandika. Lakini Bwana Fenwick, meneja wetu, ametangaza leo kwamba Coronado itafanya wiki nzima ya kumuaga Averill. Sinema zake tano bora, jeneza jukwaani Jumamosi, na kijitabu cha kumbukumbu chenye karatasi ya kung'aa. Jina langu likichapwa katika kijitabu hicho, nakitia kwenye bahasha, kinakwenda kwa Lorene. Basi! Mambo yamekwisha!

Jumanne, 7 Machi

Mambo hayajaisha.

Nimemwendea Fenwick ofisini, nimevaa shati safi. Nimemweleza vizuri. Amenisikiliza huku anakula yai la kuchemsha. Akasema kama kila mgongo wa Hollywood ungeandikwa jina, kijitabu kingekuwa kinene kama Biblia. Akanionyesha ukurasa wenyewe, umeshapigwa chapa: eti Averill mwenyewe alitembea reli ile mara kumi na moja, kwenye theluji, akiwa na homa kali. Theluji! Palikuwa na vumbi na mbuzi wawili. Nikamwambia. Akauliza nina ushahidi gani. Mwongozaji amekufa, nikasema. Mpiga picha? Amekufa. Mbuzi? Hapo akacheka peke yake.

Lakini akaongeza neno moja: nikileta shahidi wa kuaminika kabla ya Jumatatu ijayo, atabandika karatasi ndogo ya masahihisho. Mtu wa heshima, akasema, si mlevi wa kituo cha basi. Sawa.

Nje nimemkuta Dewey Plunkett, bawabu wetu, na koti lake la vifungo vya dhahabu. Zamani Plunkett alikuwa anaanguka kutoka kwenye farasi kwa niaba ya Averill. Hiyo ndiyo ilikuwa taaluma yake: kuanguka. Alikuwa amesikiliza mlangoni.

"Elvin Stroud, babu wee," akaniambia, "mgongo ule ni wa kwangu."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mama yake alipomzaa nao. Mwongo! Mgongo wa Plunkett umepinda kama ndoana tangu farasi wa mwaka thelathini na saba.

Jumatano, 8 Machi

Leo mchana wameonyesha *Hakimu wa Kijito Kikavu*. Nimeitazama nyuma kabisa, nimeegemea ufagio. Watu hudhani Averill alikuwa anaigiza sana. Hapana. Siri yake ni kwamba hakufanya kitu. Kuna pahala hakimu anatakiwa kumhukumu ndugu yake kunyongwa. Mwigizaji mwingine angelia, angeshika kichwa. Averill anakula mkate. Anaumega, anautazama, anaupaka siagi mpaka kwenye kona zote nne. Anapofika kona ya nne, wewe unajua yule ndugu atakufa. Nilisimama saa tatu chini ya taa kwa ajili ya mkate ule. Nilishika kipande cha ubao badala ya mkate. Sikujua atakuja kufanya nini. Alipokuja na kufanya vile, fundi wa taa Sal Petrocelli alivua kofia juu ya ngazi.

Mtu anaweza kumchukia mtu wa namna hiyo kwa kutojua jina lako? Nimejaribu. Imeshindikana.

Jioni nimemwandikia Lorene. Ndiyo, nimevunja amri. Sikuwa na anwani nyingine ila ile ya nyumba ya mama yake. Mama yake, Opal, alifariki miaka tisa iliyopita. Binamu alinipa habari kwa kadi ya posta na mimi nilipanga kwenda. Nilipanga kabisa. Nimemwambia Lorene ushahidi uko njiani, na kwamba sinema ya kwao nayo inaonyesha *Reli ya Cutler* wiki hii, aende akautazame mgongo tena kwa utulivu, sasa yeye ni mtu mzima. Nimeitia barua sandukuni kabla sijapata akili.

Alhamisi, 9 Machi

Aibu. Aibu kubwa. Nitaandika haraka.

Leo ilikuwa siku ya *Reli ya Cutler* yenyewe, saa nane mchana. Ukumbi umejaa. Mpango wangu ulikuwa mzuri: sehemu ya mwisho ikianza, mimi nipite jukwaani mbele ya pazia la sinema na sanduku, kwa mwendo ule ule, watu mia sita walinganishe wenyewe. Mashahidi mia sita! Sanduku ni lile lile nililotoka nalo Oklahoma. Ndilo lililo kwenye sinema. Nililibeba langu kwa kuwa lile la kampuni lilikuwa jepesi, halikuwa na kitu ndani.

Upepo ukaanza kuvuma kwenye pazia. Nikatoka upande wa kushoto. Hatua ya kwanza, ya pili. Watu kimya. Halafu kicheko. Nikadhani ni suruali. Nikatazama mbele: Plunkett anatoka upande wa kulia! Na sanduku!

Tumekutana katikati. Nimemwambia arudi. Ameniambia nirudi mimi. Pazia linaonyesha mtu mmoja anaondoka kwa huzuni, chini yake wazee wawili wanasukumana kwa masanduku. Bisi zimeanza kurushwa. Mwanamke mmoja wa safu ya mbele, uso umelowa machozi, amesema kwa sauti: "Jamani hata leo? Hata leo hamuwezi kumwacha mtu alie?"

Neno hilo limenichoma kuliko bisi.

Goti langu la kushoto, lile lililopigwa teke na nyumbu, limekataa. Nimeanguka. Plunkett, kwa mazoea, akaanguka pia, na vizuri zaidi. Amepigiwa makofi.

Fenwick amesema kosa jingine moja, naondoka. Jumamosi nisionekane ukumbini mpaka mgeni wa mwisho awe ametoka.

Jumamosi, 11 Machi

Nianze mwanzo.

Nimefika alfajiri kufagia jukwaa kabla ya mazishi, nitoke kabla wageni hawajaja, nisionekane kama nilivyoamriwa. Jeneza lilikuwa tayari limeletwa, tupu, limefunguliwa, juu ya meza yenye maua. Lilitangulia ili taa zipangwe kwa ajili ya wapiga picha wa habari. Marehemu mwenyewe alikuwa bado kwa wapaka poda. Hata akiwa maiti, Averill anakuja taa zikishakaa sawa!

Juu ya ngazi alikuwa Sal Petrocelli, yule yule, sasa ana miaka sabini na miwani miwili. Alikuwa anatukana kivuli. Bila kugeuka, akaita: "Kundi la Pili!"

Naapa sikufikiri. Ufagio ulianguka. Nilipopata akili nilikuwa nimelala ndani ya jeneza, mikono kifuani.

"Ahaa," akasema Sal. "Ni wewe. Kidevu juu, mzee. Usipumue sana."

Lilikuwa jeneza laini ajabu. Sijalala mahali laini namna ile tangu nizaliwe. Taa zikawaka, joto likanishukia usoni kama zamani. Nilifurahi. Siwezi kuficha. Nilifurahi kuliko siku yoyote ya miaka kumi. Sal akasema balbu moja imekufa, nisisogee hata unywele, akaenda kutafuta nyingine.

Nikasikia fimbo. Tak, tak, sakafuni. Na sauti ya Plunkett toka mlangoni, tamu kama asali: "Yumo ndani, mama. Nenda moja kwa moja."

Alikuwa Bi Hester, dada wa Averill, ametoka Nebraska kwa treni. Haoni, au anaona ukungu tu. Kwao, ndugu hukaa na maiti peke yake kabla watu hawajaja. Alikuja kukaa.

Ningefanya nini? Niinuke? Ningemuua, tungehitaji jeneza la pili!

Akavuta kiti. Akanishika mkono. "Una joto, Clem," akasema. Ni taa za Sal. Akapapasa kiganja changu, sugu moja moja. "Kumbe ulikuwa unafanya kazi. Na mimi nilimwambia Mama hujawahi kushika hata koleo. Nisamehe."

Nikakaza meno.

Akamwambia kaka yake mambo ambayo sikutakiwa kuyasikia. Kwamba mama yao aliweka sahani yake mezani kila Krismasi mpaka akafa. Kwamba Clem alimtumia mama huyo picha yenye saini. "Yenye saini, Clem. Kama vile Mama alikuwa mtu wa foleni." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekunja nguo.

Halafu akasema hivi. Naandika neno kwa neno.

"Ile ya reli niliiona mara kumi na tisa, macho yangu yalipokuwa bado yapo. Si kwa ajili yako. Yule anayeondoka mwishoni si wewe. Mimi nilikuona ukiondoka nyumbani, Clem; uliondoka unapiga mluzi. Yule mtu alijua anachokiacha. Nilikuwa nakwenda kumtazama yule, najisingizia ndiye kaka yangu."

Shahidi! Mtu wa heshima! Dada wa marehemu mwenyewe! Ameketi ameushika mkono wangu, anatoa ushahidi niliousaka miaka ishirini, na mimi ni maiti!

Machozi yakatoka. Yakateremka pembeni, yakaingia masikioni. Maiti halii, nikayaacha yajae. Akanipigapiga mkono mara mbili, akaondoka na fimbo yake. Tak, tak.

Sal aliporudi na balbu alinitazama muda, akasema nisiinuke kwanza, kuna kivuli cha pua.

Saa nne wamemleta Averill. Nimechungulia nyuma ya pazia. Taa zimemkaa vizuri mno. Ameonekana kama wa siku ya mkate. Nilimpangia mimi.

Jumapili, 12 Machi

Mimi ni mjinga. Jana mchana furaha ilinizidi, nikamsimulia mtu mmoja. Mtu mmoja tu. Plunkett.

Leo nimewahi stesheni, treni ya Nebraska inaondoka saa tano. Bi Hester alikuwa ameketi peke yake, mkoba magotini. Nimevua kofia. Nimemwambia mimi ndiye niliyetembea katika *Reli ya Cutler*, na ninaomba aniandikie mistari michache tu kwamba yule si kaka yake.

Akacheka kidogo. Akasema mimi ni mtu wa nne tangu jana. Wa kwanza alikuwa na vifungo vingi, vilikuwa vinagongana.

Plunkett! Na amewaambia wengine!

Kisha akasema ipo njia ya kujua. "Mtu aliyetembea vile, mkono wake nitaujua. Nipe mkono, baba."

Akaunyosha wake. Ulikuwa na glavu ya kushonwa yenye kiraka kwenye kidole gumba. Akaivua.

Nikautoa mkono wangu mfukoni. Ulifika nusu ya njia. Halafu nikakumbuka sugu. Akiushika mkono huu ataujua, ndiyo, ataujua papo hapo, lakini si kwa reli. Ataujua kwa jana. Atajua ya sahani na ya saini alimwambia mfagiaji wa Coronado aliyejilaza jenezani. Atajua kaka yake hakushika koleo.

Nimeurudisha mkono mfukoni. Nimesema samahani mama, mkono unauma.

"Haya," akasema, akaivaa glavu yake taratibu. Nimempandishia mkoba kwenye treni. Nimesimama mpaka behewa la mwisho.

Mjinga! Mjinga mara mbili! Ushahidi ulikuwa shubiri moja tu kutoka kwangu! Kesho ni Jumatatu na Fenwick atacheka kwa yai lake. Sijui nini kilinipata. Labda goti.

Jumatano, 22 Machi

Barua! Kutoka Oklahoma! Kurasa mbili! Nimeisoma nimekaa kwenye ngazi, nimeisoma tena chooni, sasa nainakili sehemu yake hapa isije ikapotea.

"Baba, nilikwenda. Nilikaa nyuma peke yangu. Mtu yule anabeba sanduku kwa mkono wa kulia, anahamishia kushoto, halafu anarudisha kulia, na mguu wa kushoto anautupa nje kidogo, na hageuki. Mgongo huo nimeuona mahali pawili maishani. Sinemani. Na barabarani kwetu, nimekaa juu ya uzio, Mama amenishika gauni nisikufuate. Nilijua hata nilipokuwa na miaka kumi na minne. Wenzangu walipocheka, mimi sikukasirika kwa kuwa ulidanganya. Nilikasirika kwa kuwa nilikujua papo hapo, na ulikuwa unaondoka tena, mbele ya watu wote, na wote wanakulilia wewe. Hakuna aliyenilia mimi. Sasa nimechoka kukasirika. Kitanda cha Mama kipo. Basi linapita Jumanne na Ijumaa. Usilete karatasi yoyote. Njoo Pasaka, nikuone unakuja kwa mbele."

Nimekaa nayo mchana kutwa. Sikula. Sal alipita akauliza kama kuna msiba. Nikasema hapana, akasema uso wangu una kivuli kibaya.

Nimelishusha sanduku kutoka juu ya kabati. Nimelipangusa vumbi. Nimefungua, nimetia mashati mawili. Nimesimama nalo mlangoni kidogo, nimelijaribu mkono wa kulia, halafu wa kushoto.

Na hapo ndipo nikaona! Nimekuwa kipofu kuliko Bi Hester! Lorene ni shahidi! Shahidi wa macho, mahali pawili, na ametaja mpaka sanduku lilivyobadilishwa mikono! Mwanamke mwenye heshima zake, si mlevi wa kituo cha basi! Fenwick atasema nini sasa? Atabandika masahihisho, apende asipende! Na Plunkett avikate vifungo vyake avitafune!

Nimemwandikia hapo hapo. Nimemshukuru. Nimemwomba aiandike upya ile sehemu ya mgongo, mgongo tu, hayo mengine ayaache, aape mbele ya wakili, agonge mhuri, alete nakala tatu. Nimemweleza kwamba mtu hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu baada ya miaka thelathini. Nikishapata jina langu kwenye karatasi ya kung'aa, basi la kwanza ni langu.

Sanduku limenifaa sana kuandikia. Nimeliweka magotini, kimo chake sawasawa kabisa na meza. Mashati nimeyatoa, yalikuwa yanalifanya livimbe.

Nakala tatu zitachukua wiki mbili, tatu. Pasaka hii sitaiwahi. Si neno. Pasaka huja kila mwaka.